Mtoto Mmempima, Mama Je?

Kwa Waheshimiwa: Waziri wa Afya; Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum; na Waziri mwenye dhamana ya Kazi na Ajira.

YAH: MAMA ALIYEJIFUNGUA, KUANZIA SIKU YA 43

Waheshimiwa,

Salaam kwenu na poleni na majukumu. Kadi ya kliniki ya mwanangu iko mezani mbele yangu. Kesho kutwa ni tarehe yetu ya kupima uzito, na nimeona nisiipeleke tena kabla sijawaandikia. Mimi ni karani wa hesabu katika kampuni binafsi, nakaa Kinyerezi, Dar es Salaam, na mwanangu wa kwanza, mtoto wa kike, mwezi huu ametimiza miezi 11.

Kadi hii naiheshimu. Ina chanjo zake zote, kuanzia ya kifua kikuu na matone ya polio aliyopewa alipozaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mpaka ya surua na rubella ya miezi 9. Ina nukta za uzito, na mstari unaoziunganisha umepanda vizuri isipokuwa mwezi wa nne, ambapo umelala. Siku ile muuguzi aliutazama akaniuliza, "Mama, mtoto anaharisha?" Haharishi. "Anatapika?" Hatapiki. "Ananyonya?" Ananyonya. Akaandika tarehe ya kurudi, akamwita anayefuata. Mtoto alikuwa mzima. Mgonjwa nilikuwa mimi, na kwenye kadi hapakuwa na mahali pa kuandika hilo.

Naomba niwaeleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi wanadhani ni uvivu wa wanawake wa siku hizi. Usiku mtoto akilala, mimi nilikuwa silali. Nakaa kitandani nikimsikiliza anavyopumua, nikiwa na hakika kwamba nikifumba macho ataacha. Chakula hakikupita. Maziwa yakapungua, na yalipopungua nikajiona mama mbaya, na nilivyojiona mama mbaya ndivyo yalivyozidi kukauka. Mwanangu akicheka, nilimwona kama mtoto wa mtu mwingine niliyeachiwa kwa muda na mwenyewe anachelewa kumfuata. Kuna jioni moja nilisimama mlangoni na pochi begani, nikipanga kichwani kwamba nipande daladala la Mbezi, nishuke Stendi ya Magufuli, niingie basi la mkoa wowote. Mtoto alikuwa amelala ndani na binti wa kazi. Mpaka leo sijui kilichonirudisha. Nakumbuka tu kwamba nilivua viatu.

Wiki iliyofuata nilijikaza nikamwambia muuguzi, "Dada, sijisikii sawa tangu nijifungue." Akanijibu kwa upole kabisa, "Utazoea mama, wote tumezaa." Simlaumu. Asubuhi ile walikuwa wauguzi wawili, na benchi la akina mama lilikuwa limejaa hadi nje kwenye mwembe. Hakuwa na muda, na nadhani hakuwa amefundishwa amuulize nini mtu kama mimi wala amwelekeze wapi.

Ugonjwa huu una jina: sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake hupata matatizo ya afya ya akili baada ya kuzaa, na sonona ndiyo inayoongoza. Ni karibu mmoja kati ya watano. Kwenye benchi lile la akina mama zaidi ya 30, pengine tulikuwa sita, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mitaani hatuliiti sonona. Tunasema ana kichaa cha uzazi, au ana jini, au kuna mtu amemwonea kijicho. Au tunasema anajidekeza.

Waheshimiwa, kuna jambo nililokutana nalo katika kusoma likaninyima usingizi upya. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, kifungu cha 199, inasema kwamba mwanamke akisababisha kifo cha mwanawe wa chini ya miezi 12, na wakati huo akili yake imevurugika kwa sababu hajapona sawasawa athari za kuzaa au za kunyonyesha, hatahesabiwa kuwa ameua kwa kukusudia. Ataadhibiwa kama mtu aliyeua bila kukusudia. Maana yake dola inajua. Imeandika kwenye vitabu vyake kwamba kuzaa na kunyonyesha kunaweza kuvuruga akili ya mwanamke, na ikatoa mwaka mzima. Elimu hiyo iko mahakamani, inamsubiri mama akiwa tayari kizimbani na mtoto akiwa tayari kaburini. Kliniki, ambako mama huyohuyo anakuja mwenyewe kwa miguu yake, mtoto mgongoni, akiwa bado anaokoleka, elimu hiyo haijafika.

Najua mmefanya mengi. Takwimu za kitaifa zilionyesha vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Mimi mwenyewe ni tunda la kazi hiyo: mtoto alikaa vibaya, nikapelekwa chumba cha upasuaji usiku wa manane, tukatoka salama wote wawili. Mtu asiniambie kwamba serikali haijali wajawazito. Ninachokisema ni kwamba kujali kwenyewe kunapungua ghafla. Mahudhurio ya mama baada ya kujifungua yamepangwa mpaka siku ya 42, na mengi ya hayo ni kuangalia damu, mshono, matiti na uzazi wa mpango. Baada ya hapo anayehudhuria kliniki ni mtoto. Mama anakuwa mtu wa kumbeba.

Zamani siku hizo 40 zilikuwa na watu. Mama yangu alinizaa Muheza, nyumbani kwa bibi yangu, na hadithi ya arobaini yake naijua kwa moyo. Hakushika ndoo. Alipikiwa uji wa pilipili manga asubuhi na supu jioni, akakandwa na maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja. Usiku mtoto akilia, wa kwanza kuamka alikuwa bibi. Wanawake wa mtaa walipishana, huyu kuni, huyu samaki, huyu amekuja kukaa tu na kupiga soga ili mzazi asiwe na mawazo. Sisemi kila kitu kilikuwa chema. Maji yale yameunguza wengi, na vichanga walipewa maji na uji kabla ya wakati kwa imani kwamba maziwa ya mama hayatoshi. Lakini mzazi hakuachwa peke yake na kichanga ndani ya chumba kilichofungwa kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku.

Mimi niliachwa. Mama yangu alifariki mwaka mmoja kabla. Mama mkwe ana miguu mibovu, yuko Kilosa. Mume wangu ni mtu mwema na ninamwandika hapa kwa heshima, lakini sheria yetu ya ajira inampa baba siku 3 tu, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji hukaa wodini karibu siku hizohizo. Likizo yake iliisha nikiwa bado sijaruhusiwa. Siku niliyorudi nyumbani, nikiwa siwezi kuinuka kitandani bila kushika ukuta, yeye alikuwa kazini.

Waliokuja walikuja kutazama. Hili naomba niliseme kwa uchungu wangu wote, kwa sababu hata sisi wanawake tuna mkono wetu ndani yake. Mgeni anaingia na pakiti ya nepi, anambeba mtoto dakika tano, kisha yanaanza. Mbona hana kofia? Mbona umemlaza chali? Huyu analia njaa, mpe uji kidogo. Ulizaa kawaida au ulipasuliwa? Ukisema ulipasuliwa kuna kimya kidogo, halafu, "Basi wewe uchungu hujaujua." Mtoto asipoongezeka uzito, wanawake wanatazamana, neno linapita chini kwa chini: amembemenda. Yaani mimi na mume wangu tumekutana mapema tukamharibu mtoto. Mwezi ule wa nne, mstari ulipolala, neno hilo nililisikia kwenye benchi la kliniki, nyuma ya mgongo wangu, kutoka kwa mwanamke nisiyemjua, naye akiwa na mtoto wa umri uleule. Niliinamisha kichwa nikajifanya namfunga mtoto khanga.

Na simu nayo. Nikiifungua usiku ule wa kukosa usingizi nawaona waliojifungua wiki moja na mimi wametoka arobaini, wamepigwa picha na gauni refu, tumbo limeingia ndani, nyumba nyeupe, mtoto amevalishwa taji. Chini yake watu wanaandika, "Utadhani hukuzaa!" Hiyo ndiyo sifa kubwa tunayompa mwanamke aliyezaa, kwamba haonekani kuwa amezaa. Nilinunua mkanda wa kubana tumbo kwa shilingi 35,000 ambazo sikuwa nazo. Nikaufunga mwenyewe, juu ya mshono, mbele ya kioo. Mkaja wa mama yangu ulifungwa na mikono ya bibi.

Sasa nije kwenye kazi, maana hapa ndipo sheria na ushauri wa serikali vinapogongana. Kliniki wananiambia, na wako sahihi, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 84. Hiyo ni wiki 12. Tena zinaruhusiwa kuanza kuhesabiwa wiki 4 kabla ya tarehe ya makadirio, na mimi nilivimba miguu nikaanza mapema. Nilirudi kazini mwanangu akiwa na wiki 8. Serikali ileile iliyoniambia nisimpe hata maji ndiyo iliyonitaka niwe mezani saa mbili asubuhi miezi minne kabla ya muda huo kuisha.

Mtanijibu kwamba sheria inanipa saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ni kweli, na namshukuru aliyeliandika hilo. Lakini kutoka kazini kwangu hadi Kinyerezi, kwa foleni ya Dar es Salaam, ni saa moja na nusu ya kwenda peke yake. Niliomba nizitumie saa hizo kwa kutoka mapema, nikaambiwa haijawahi kutokea. Nikaomba chumba cha kukamulia maziwa, nikaonyeshwa choo. Nilikamua chooni wiki tano, nimesimama, chupa nimeishika kwa meno wakati nafunga blauzi, mtu akigonga mlango. Mengine yaliharibika kwa joto kabla sijafika nyumbani. Yalipoanza kukauka sikushangaa.

Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa, mama anayejifungua mtoto njiti akaongezewa likizo. Nililia kwa furaha kwa ajili yao. Imenionyesha kwamba siku 84 hazikuandikwa kwenye jiwe.

Hata hivyo mimi nina mkataba. Jirani yangu anauza vitumbua kwenye kona ya barabara yetu. Alijifungua Jumatatu, na Jumapili ya pili yake nikamwona amekaa mbele ya jiko, kichanga kimewekwa kwenye beseni lililotandikwa khanga, moshi ukiwapiga wote wawili. Nilipomuuliza mbona mapema, alinijibu neno moja: "Marejesho." Alikuwa na mkopo wa kikundi, na wenzake watano wangelazimika kumlipia. Kwake siku 84 ni habari ya watu wengine, na nchi hii ina akina mama lishe, wauza mboga, wakulima na wafanyakazi wa ndani wengi kuliko makarani. Binti ninayemwachia mwanangu naye siku moja atazaa. Sijui atapumzikia wapi.

Nilipona kwa sababu ya mtu mmoja. Mama mdogo, mdogo wa marehemu mama, alinisikia kwenye simu na hakuipenda sauti yangu. Alifunga banda lake la kuku Muheza, akamwachia jirani ufunguo, akapanda basi. Alikaa wiki tatu. Hakunihubiria. Usiku alimchukua mtoto, akasema, "Lala, nitakuamsha akitaka ziwa." Siku ya nne nililala saa sita mfululizo. Wiki ya pili alinishika mkono tukaenda pamoja hospitali, safari hii nikakutana na daktari aliyejua anachouliza, nikapewa dawa na miadi ya kurudi kuzungumza. Mstari kwenye kadi ukaanza kupanda tena.

Mama mdogo hawezi kuwa sera ya nchi, Waheshimiwa. Ndiyo maana nawaandikia ninyi.

Kwanza, mwambieni muuguzi amuulize mama. Siku tayari zipo: wiki ya 6, ya 10, ya 14, mwezi wa 9, na kila mwezi wa uzito katikati. Hamhitaji kumtafuta mwanamke huyu, yuko kwenye benchi tangu saa moja asubuhi. Kuna dodoso la maswali 10 lililotungwa Edinburgh mwaka 1987, linatumika duniani kote. Linauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bila sababu, kama umewahi kuwaza kujidhuru. Halihitaji mashine wala kipimo cha damu, na mama anaweza kusomewa maswali akiwa anasubiri mizani. Kadi zitakapochapwa tena, iwekwe safu moja chini ya uzito wa mtoto: hali ya mama. Na kila kituo cha afya kiwe na angalau mtumishi mmoja anayejua la kufanya majibu yakiwa mabaya, kwa sababu kumuuliza mtu kisha kumwacha na jibu lake ni kumzidishia.

Pili, mnao wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 mlizindua mpango wa kuwa na wahudumu hao 137,294 nchi nzima. Hawa wanaingia majumbani, wanajua mlango upi una kichanga. Wapeni mafunzo ya jambo hili, na muwaelekeze wabishe hodi hata baada ya siku ya 42. Msiogope kwamba si madaktari. Huko Harare, Zimbabwe, tangu mwaka 2006 mabibi wa kawaida waliofundishwa wanakaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza wenye sonona, na utafiti umethibitisha kwamba watu wanapona. Mabibi sisi tunao, na mabenchi tunayo.

Tatu, Waziri wa Kazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Tuanzie hapo, na siku zinazochukuliwa kabla ya kujifungua zisimpunguzie mama muda wa kukaa na mtoto. Saa 2 za kunyonyesha ziandikiwe kanuni ya wazi, kwamba mama akitaka kuzikusanya atoke mapema ni haki yake, asiombe kama fadhila. Kenya wameandika kwenye Sheria yao ya Afya ya mwaka 2017 kwamba mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nasi tuandike, na mkaguzi wa kazi akifika aombe kuonyeshwa chumba hicho. Baba naye apewe wiki 2 kama wanavyopewa wenzetu hao. Nusu ya yaliyonipata yasingenipata kama mume wangu angekuwepo wiki zile mbili za kwanza.

Nne ni la jirani yangu. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake, iwe na kifungu kinachosimamisha marejesho ya mwanakikundi aliyejifungua kwa miezi mitatu, bila riba wala adhabu kwa wenzake. Najua hilo liko TAMISEMI, kwa wenye dhamana ya serikali za mitaa, lakini nanyi mnakaa nao meza moja. Na kila soko jipya linalojengwa kwa fedha za umma liwe na chumba kimoja chenye kivuli, maji na mtu wa kuangalia watoto. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, mliyoizindua Desemba 2021, imeshasema mengi mazuri kuhusu mtoto wa miaka 0 hadi 8. Mtoto wa siku 13 aliye kwenye beseni kando ya jiko yumo katika hesabu hiyo.

Kesho kutwa nitakuwa kwenye benchi, chini ya mwembe, saa moja kamili. Mwanangu sasa anasimama kwa kushika vitu, atawasumbua watu. Nimepanga nikae karibu na mama mwenye mtoto mdogo kuliko wote, nimuulize analala saa ngapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mama wa mtoto wa miezi 11
Kinyerezi, Dar es Salaam